Milton Wolff hakuwa mamluki, na vijana wetu walioko Urusi si akina Wolff

Mwishoni mwa mwaka 2025 serikali ya Hispania ilitangaza kuwapa uraia wazao zaidi ya mia moja wa wapiganaji wa kigeni waliokwenda kuitetea Jamhuri ya nchi ile dhidi ya uasi wa Jenerali Franco, aliyesaidiwa na Hitler wa Ujerumani na Mussolini wa Italia, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Siku nyingine habari ya namna hiyo ingetupita tu. Safari hii haikupita, kwa sababu ilitukuta na kidonda chetu wenyewe. Novemba ya mwaka huohuo serikali ya Kenya ilisema Wakenya zaidi ya 200 wanaaminika kuwa wameingia katika jeshi la Urusi. Tanzania ilikuwa imekwisha kupokea jeneza Januari 2023, la mwanafunzi aliyefungwa nchini Urusi kisha akatolewa gerezani ili akapigane upande wa Wagner, kundi la Kirusi la wapiganaji wa kukodiwa, huko Ukraine. Mijadala miwili ikachanganywa chungu kimoja. Mmoja akasema kumbe mamluki akishapita muda anageuka shujaa, na wajukuu wanapewa pasipoti. Mwingine, akiwa amesikia kwamba wengi wa wapiganaji wale walikuwa Wayahudi, akasema Hispania inalipa deni la kuwafukuza Wayahudi mwaka 1492. Wa tatu akauliza, kwa utani wenye uchungu, kama wajukuu wa vijana wetu nao watapangiwa uraia huko Moscow.

Nadhani wote watatu wamekosea, na kosa la wa kwanza ndilo lenye madhara kuliko mengine. Kuna maisha ya mtu mmoja, Milton Wolff, Myahudi wa Brooklyn aliyekuwa kamanda wa mwisho wa Wamarekani waliojitolea Hispania, yanayoonyesha kwa nini hawezi kuitwa mamluki. Ila maisha hayohayo yanaonyesha pia kwamba vijana wetu hawafanani naye hata kidogo. Katika vita ileile ya Hispania walikuwepo Waafrika ambao habari zao ziko karibu zaidi na za vijana wetu, na hao hakuna serikali inayowatajia uraia.

Wolff alizaliwa Oktoba 1915 katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoipiga Marekani mwaka 1929 alikuwa na miaka 14. Hakumaliza sekondari. Alijiunga na kambi za kazi za Rais Roosevelt, ambako vijana wasio na ajira walipanda miti na kutengeneza njia za misituni kwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zikatumwa moja kwa moja kwa wazazi. Huko alijifunza huduma ya kwanza, jambo ambalo baadaye lilimpa kisingizio. Aliporudi mjini alipata kibarua katika kiwanda cha kofia, na jioni akawa anahudhuria mikutano ya umoja wa vijana wa chama cha kikomunisti, kama walivyofanya vijana wengi wa mitaa ile ambao hakuna chama kingine kilichokuwa kikiwajali. Katika mkutano mmoja msemaji aliuliza nani yuko tayari kwenda Hispania. Wolff akanyoosha mkono. Alikuwa na miaka 21, hajawahi kushika bunduki, na alijiona mtu wa amani. Alikusudia kuwa mtoa huduma ya kwanza. Mama yake aliambiwa kwamba kijana anakwenda kufanya kazi kiwandani ili Mhispania mmoja apate nafasi ya kwenda mstari wa mbele.

Tuitazame safari yenyewe, kwa sababu inajibu maswali mengi. Serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kutojiingiza, na tangu mapema 1937 pasipoti mpya ziligongwa muhuri kwamba hazifai kwa safari ya Hispania. Kijana alipanda meli New York akijifanya mtalii wa kwenda Ufaransa. Kutoka hapo alisafirishwa kwa siri hadi kusini, na mpaka ulipofungwa, wengi walivuka milima ya Pyrenees kwa miguu usiku, wamevaa viatu vya kamba ili wasisikike na askari wa doria. Hakuna aliyewakusanya uwanja wa ndege. Hakuna aliyewaahidi nyumba. Walipofika waliingizwa katika jeshi la Jamhuri na kupewa mshahara wa askari wa kawaida wa Kihispania, peseta chache kwa siku ambazo zilikuwa hazinunui kitu nje ya nchi ile, na ndani yake hazikununua kingi.

Huduma ya kwanza haikudumu. Batalioni yake ilihitaji watu wa bunduki za rashasha, na Wolff akawa mmoja wao kufikia mapigano ya Brunete, Julai 1937, katika joto ambalo maveterani waliolisimulia walitaja kiu kabla ya kutaja risasi. Katika mapigano hayo aliuawa Oliver Law, kamanda wa batalioni ya Lincoln. Law alikuwa Mmarekani mweusi, na kuwaongoza kwake Wamarekani weupe vitani lilikuwa jambo ambalo jeshi la nchi yake lisingeliruhusu. Miaka miwili kabla alikuwa amekamatwa Chicago katika maandamano ya kupinga Mussolini kuivamia Ethiopia. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi husimulia Hispania kama ugomvi wa Wazungu. Kwa weusi wapatao themanini au tisini waliotoka Marekani, njia ya kwenda Madrid ilianzia Addis Ababa: walishindwa kufika kumtetea Haile Selassie, wakamfuata Mussolini alikohamia.

Wolff alipanda vyeo kwa sababu ya kusikitisha, kwamba waliokuwa juu yake walikuwa wakipungua. Alipita mapigano ya Quinto na Belchite, akapita baridi ya Teruel. Machi 1938 majeshi ya Franco yalipovunja mstari wa Aragon, kombora lilitua kwenye makao ya batalioni na kumwua kamanda; siku chache baadaye Wolff alikuwa ndiye anayeongoza, akiwa na miaka 22. Waliomtangulia katika kiti hicho walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Aprili alikatwa nyuma ya mistari ya adui, akatangatanga akikwepa doria mpaka akaufikia mto Ebro na kuuogelea. Wenzake kadhaa walizama hapohapo. Julai akauvuka tena, mara hii akielekea upande wa adui, katika mashambulizi makubwa ya mwisho ya Jamhuri. Septemba 21, 1938, waziri mkuu Juan Negrín alitangaza mbele ya Shirikisho la Mataifa kwamba wapiganaji wote wa kigeni wanaondolewa, akitumaini dunia ingemlazimisha Franco awaondoe Wajerumani na Waitaliano wake. Dunia haikufanya hivyo. Wamarekani wapatao 2,800 walikuwa wamekwenda. Takribani robo yao walizikwa huko.

Sasa Uyahudi wake. Msomaji wa leo akisikia “askari Myahudi” akili inakimbilia Israel, nchi ambayo wakati ule haikuwepo na ambayo wengi wa wapiganaji hawa hawakuitamani. Walikuwa maelfu kadhaa kati ya wapiganaji wapatao 35,000 wa Brigedi za Kimataifa, vile vikosi vya wageni vilivyoitetea Jamhuri, na kati ya Wamarekani inakadiriwa walikuwa karibu theluthi. Wengi walitoka Poland, wengine Ufaransa walikokuwa wahamiaji mafundi cherehani, na hata Palestina iliyokuwa chini ya Waingereza ilitoa vijana wa Kiyahudi, wengi wakiwa wakomunisti waliogombana na siasa za Kizayuni. Wengi wao ungewauliza wao ni nani wangekujibu mfanyakazi, au mkomunisti, au mpinga ufashisti. Neno Myahudi lingekuja baadaye, au lisije kabisa. Baadhi walipigana kwa majina ya Kihispania au Kipolandi.

Hapo ndipo wachambuzi wanapogawanyika. Upande mmoja unasema walikwenda kama Wayahudi: Hitler alikuwa ameshika madaraka tangu 1933, sheria za Nuremberg zilikuwa zimewavua uraia Wayahudi wa Ujerumani mwaka 1935, na ndege za Hitler ndizo zilizokuwa juu ya Madrid. Upande wa pili unasema walikwenda kama wakomunisti, na Uyahudi wao ni ajali ya takwimu tu, kwa kuwa vyama vya mrengo wa kushoto vya New York na Warsaw vilijaa Wayahudi. Kila upande una ushahidi. Wa kwanza utakuonyesha kombania iliyoundwa Desemba 1937 ndani ya brigedi ya Wapolandi, ikapewa jina la Naftali Botwin, kijana wa Kiyahudi aliyeuawa na serikali ya Poland mwaka 1925. Kombania hiyo ilikuwa na gazeti lake la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lililochapishwa mstari wa mbele. Utakuonyesha pia barua ya mpiganaji mmoja wa New York aliyemweleza mama yake, ambaye hakuambiwa kabla ya safari, kwamba ufashisti ukishinda Wayahudi ndio watakaoumia kwanza. Upande wa pili utajibu kwamba kombania ya Botwin ilikuwa ndogo na ilichelewa, na kwamba Wayahudi wengi, Wolff akiwemo, hawakuiona wala hawakuihitaji.

Mimi naona swali limeulizwa vibaya. Mtu hatoki nyumbani na sababu moja mfukoni. Uyahudi wa Wolff haukuwa bendera yake, lakini ulimpa macho: mtoto wa watu waliokimbia Ulaya Mashariki hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya umati unaotafuta wa kulaumu. Chama kilimpa njia na tiketi. Umri wa miaka 21 ulimpa ujasiri wa kutojua. Tukisema Hispania inawapa uraia wajukuu zake kwa kuwa ni Wayahudi, tunamvika alichokuwa hajakivaa. Isitoshe, deni la 1492 Hispania ililishughulikia kwa sheria nyingine kabisa, ya mwaka 2015, iliyowalenga wazao wa Wayahudi wa Kisefaradi waliofukuzwa. Wolff na wenzake wa asili ya Poland na Urusi hawakuwa Wasefaradi. Sheria inayowagusa wazao wa wapiganaji ni ya kumbukumbu ya kidemokrasia, ya Oktoba 2022, na haiangalii dini. Wala haigawi uraia kwa damu peke yake, kwani mzao anatakiwa athibitishe kwamba amekuwa akifanya kazi ya kudumu ya kuieneza kumbukumbu ya mzee wake na kutetea demokrasia ya Hispania.

Hoja nzito dhidi ya wapiganaji hawa ni nyingine, nayo haistahili kupuuzwa. Inasema walikuwa chombo cha Stalin. Brigedi ziliandaliwa na Kominterni, umoja wa vyama vya kikomunisti vya dunia, kutoka Moscow. Kituo chao cha Albacete kilisimamiwa na André Marty, Mfaransa aliyekuwa akiona wapelelezi kila kona, na watu walipigwa risasi kwa amri za wakuu wao wenyewe. Mei 1937 mitaa ya Barcelona ilishuhudia wapinga Franco wakiuana, na baada yake POUM, chama cha mrengo wa kushoto kilichompinga Stalin, kikasagwa kwa tuhuma za kubuni. Katika eneo la Jamhuri makasisi na watawa karibu 7,000 waliuawa, wengi katika miezi ya mwanzo, kabla brigedi hazijafika mstari wa mbele. Na Agosti 1939 Stalin alipotiliana saini na Hitler, chama cha maveterani wa Lincoln, ambacho Wolff alikiongoza, kilifuata mstari wa chama na kupinga Marekani kuingia vitani. Myahudi aliyepigana na ndege za Hitler mwaka 1938, mwaka 1940 anasimama jukwaani kusema vita ya kumzuia Hitler si vita yetu. Hilo ni doa, na baadhi ya wenzake walijitoa kwa sababu yake. Anayeandika habari za Wolff akaliruka anaandika tenzi za kumsifu, na tenzi hizo tunazo za kutosha.

Lakini hoja hii inathibitisha nini hasa? Inathibitisha kwamba Wolff aliamini chama kuliko alivyopaswa kukiamini. Haithibitishi kwamba alinunuliwa. Mtu anaweza kudanganyika na imani yake akabaki mwenye imani, na ndiyo sababu tunaweza kumlaumu: alikuwa na uwezo wa kuchagua, akachagua vibaya. Mamluki hatumlaumu hivyo. Na Stalin mwenyewe hakuwaamini watu wa aina hii. Manfred Stern, Myahudi wa Bukovina aliyejulikana Madrid kama Jenerali Kléber, aliishia katika kambi za wafungwa za Kisovieti na kufia huko mwaka 1954. Baada ya vita kuu, katika nchi kadhaa za Ulaya Mashariki, kuwa umepigana Hispania kuligeuka kuwa sababu ya kushukiwa.

Marekani nako kuliwakunjia uso. Wolff aliingia jeshini mwaka 1942 kupigana na wafashisti walewale, akakuta faili lake limemtangulia. Maveterani wa Hispania waliitwa wapinga ufashisti wa kabla ya wakati, kana kwamba kosa lao lilikuwa kuwahi. Yeye, aliyekuwa ameongoza batalioni, hakupewa nafasi ya kuongoza askari vitani. Alipelekwa huku na huko mpaka akafika Burma, na baadaye akafanya kazi na idara ya ujasusi ya kijeshi ya OSS nchini Italia, kwa kuwa huko kulikuwa na waasi wa kikomunisti na alijua kuzungumza nao. Mwaka 1947 chama chake cha maveterani kiliwekwa katika orodha ya serikali ya vyama vinavyohesabiwa kuwa vya uasi. Watu walipoteza kazi. Wolff alikwenda kukitetea mbele ya bodi iliyokuwa ikichunguza vyama vya namna hiyo, na ilichukua mpaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani kuitengua amri ya bodi hiyo. Hakukaa akinung'unika. Alifanya kazi na Civil Rights Congress kutetea watu weusi, alipinga utawala wa Franco mpaka ulipoisha, alimwandikia Ho Chi Minh akijitolea yeye na wazee wenzake (alijibiwa kwa adabu kwamba hapana), na katika miaka ya 1980 alichangisha fedha za magari ya wagonjwa ya Nicaragua. Mwaka 1994 alitoa riwaya kuhusu vita ile ambayo haikuwaficha askari waliotoroka wala waliowahukumu.

Hispania yenyewe ilichelewa. Katika gwaride la kuwaaga, Barcelona, Oktoba 1938, Dolores Ibárruri, kiongozi wa wakomunisti wa Hispania, aliwaambia wapiganaji kwamba amani ikirudi warudi, na wasio na nchi watapata nchi hapa. Bunge liliikumbuka ahadi hiyo mwishoni mwa 1995, na amri ya Januari 1996 ikawapa haki ya uraia, ila kwa sharti la kuuacha uraia waliokuwa nao. Wazee wa miaka zaidi ya 80 waliambiwa wachague. Sheria ya Desemba 2007 iliondoa sharti hilo. Wolff alifariki California Januari 2008, akiwa na miaka 92, wiki chache tu baada ya sheria hiyo. Linganisha na Urusi, ambako amri ya rais ya Januari 2024 inamwahidi mgeni anayesaini mkataba wa jeshi uraia wa haraka, yeye na familia yake. Uraia wa Moscow hutolewa mwanzoni, kama chambo. Ule wa Madrid ulikuja baada ya miaka karibu 60, na hakuna aliyevuka Pyrenees akiutegemea.

Kwa hiyo ile hoja kwamba kila anayepigana vita isiyo ya nchi yake ni mamluki, muda tu ndio unaomsafisha, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Sheria ya kimataifa haikubaliani nayo. Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inamtambua mamluki kwa mambo kadhaa kwa pamoja, mojawapo likiwa kwamba anasukumwa hasa na faida binafsi na analipwa zaidi sana ya askari wenyeji wa cheo chake. Mwaka huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake dhidi ya mamluki, kwa sababu Afrika ilikuwa imewaonja. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuliwaona wote wawili katika vita moja. Kongo, 1964 na 1965, kikosi cha Mike Hoare kilipigana kwa mshahara dhidi ya waasi walioitwa Wasimba. Na Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Wakyuba wake, akajiita Tatu, akakaa miezi saba msituni na kuondoka ameshindwa. Unaweza kumwona Che kuwa mjinga wa mazingira ya Fizi, huko mashariki mwa Kongo, na mimi namwona hivyo. Lakini huwezi kumweka gunia moja na Hoare.

Jina la kujitolea, kwa upande mwingine, linaweza kubandikwa popote. Mussolini alipeleka Hispania makumi ya maelfu ya askari na akakiita kikosi chao Jeshi la Waliojitolea. Wengi wao walikuwa wametoka kuipiga Ethiopia au walipangiwa safari bila kuulizwa. Machi 1937, huko Guadalajara, walikutana na Waitaliano wenzao wa upande wa Jamhuri, waliokuja kwa miguu yao, na wakashindwa.

Halafu kuna Wamoroko, na hapa ndipo tungepaswa kutazama tangu mwanzo. Franco alianzisha uasi wake akiwa na jeshi la Afrika, na Julai na Agosti 1936 ndege za Ujerumani na Italia zikawavusha askari wa Kimoroko juu ya mlango wa Gibraltar kwenda kuua Wahispania. Kufikia mwisho wa vita walikuwa wamepita humo Wamoroko makumi ya maelfu, wengi kuliko Brigedi zote za Kimataifa. Walitoka hasa katika milima ya Rif na kaskazini, eneo lililokuwa koloni la Hispania kwa jina la hifadhi, miaka michache tu baada ya Wahispania kuwamwagia gesi ya sumu katika vita ya Abd el-Krim, kiongozi wa waasi wa Rif. Ukame ulikuwa umewakamua. Wasajili walipita vijijini na malipo ya awali, na sukari, mafuta na mkate kwa familia, wakisema ni vita ya wenye dini dhidi ya wasio na Mungu. Wakapangwa mbele kabisa ambako kufa kulikuwa rahisi. Waliobaki, baadhi walivalishwa joho jeupe na kilemba wakawa walinzi wa farasi wa Franco, wapambe wa gwaride kwa miaka iliyofuata. Pensheni zao za baadaye zilikuwa ndogo mno zikilinganishwa na za Wahispania. Sheria ya 2022 haiwahusu, na sidai iwahusu. Nadai tu kwamba tuwaone, kwa kuwa tunawajua: ni kijana asiye na kazi, wakala mwenye fedha ya mkononi, vita isiyomhusu, na mstari wa mbele ambao mwenye vita hataki kupeleka watoto wake.

Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwakuta watu zaidi ya 20 katika nyumba huko Athi River wakisubiri kusafirishwa. Maelezo yanayojirudia katika habari za vijana hawa ni ya kazi walizoahidiwa, za udereva, ulinzi au kiwandani, na mkataba wa Kirusi waliosaini bila kuusoma. Wapo bila shaka waliojua wanakwenda jeshini na wakaufuata mshahara. Lakini hata hao wengi wameingia katika jeshi rasmi la nchi inayopigana, jambo ambalo kwa itifaki ileile ya 1977 linawatoa katika maana ya mamluki. Kuwaita mamluki kunazipendeza serikali zetu, kwa sababu mamluki alijitakia. Kuwaita watu wa kujitolea kunaipendeza Moscow. Wolff aliijua vita anayoiendea, alijificha ili aifikie, na akalipa gharama yake mpaka uzeeni. Hakuna moja kati ya hayo matatu linalomhusu kijana aliyeambiwa anakwenda kufungasha bidhaa ghalani.

Hili lina matokeo katika namna tunavyotunga sheria. Afrika Kusini ina sheria tangu 1998 inayomfanya raia mkosaji akitoa msaada wa kijeshi nje bila kibali, na sasa wapo wanaotaka Nairobi na Dar es Salaam ziige. Sheria ya namna hiyo ingemfaa Hoare. Ingemkamata Wolff pia, naye angekwenda tu, kama alivyokwenda na pasipoti yenye muhuri. Kwa vijana wa Athi River isingezuia kitu, kwa kuwa hawakujua kuwa wanavunja sheria. Kinachoweza kuwazuia ni kesi dhidi ya mawakala chini ya sheria za usafirishaji haramu wa binadamu ambazo nchi zote mbili tayari zinazo, na leseni za ofisi za ajira za nje zikaguliwe kabla ya majeneza. Ili kesi hizo zisimame wanahitajika mashahidi, nao ni walewale waliorudi wakiwa wamekatwa mguu au kupoteza usikivu. Mtu aliyerudi akiogopa kwamba atashtakiwa kama mamluki hatamtaja wakala wake, na wakala huyo ataendelea kupanga kundi jingine nyumba ya pili.